Bampa Lako Lifungue Mwenyewe

Gari la spoti huanza kuzeeka usoni. Injini inaweza kuwa bado inanguruma vizuri, gia zinaingia bila kelele, viti havijachanika, lakini pale mbele, chini ya taa, kuna kipande cha plastiki kinaning'inia, tundu la taa ya ukungu limebaki wazi, na mdomo wa bampa umechubuka mpaka rangi imeisha. Kaa kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, jioni uyahesabu: Subaru Impreza, Toyota Altezza, Mazda RX-8, mara mojamoja Nissan Skyline. Nyuma kuna bomba la moshi la pesa nyingi. Mbele kuna waya wa kufungia nondo, umepenyezwa kwenye shoo ili bampa lisidondoke.

Nina neno na wenye magari hayo, na ninalisema nikijua litawaudhi baadhi ya mafundi ninaowaheshimu. Kazi ya kubadilisha vikorombwezo vya bampa la mbele, yaani shoo, vizingo vya taa za ukungu, lipu ya chini, mikanda ya pembeni na ngao ya chini ya injini, ni kazi ya nyumbani. Ifanyike uani, Jumamosi asubuhi, na mwenye gari mwenyewe. Sisemi hivyo kwa ajili ya kubana matumizi. Mtu aliyenunua gari la turbo amekwisha kuagana na mambo ya kubana matumizi. Nasema hivyo kwa sababu kazi hii haitaki ustadi mkubwa. Inataka subira, na subira ndiyo bidhaa ambayo gereji zetu haziuzi. Gereji inauza kasi, na sisi wateja tunainunua kwa furaha, tukisimama pembeni na simu mkononi tukiuliza, "Bado tu?"

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Wengi wakisema bampa wanamaanisha lile ganda linaloonekana. Ganda hilo peke yake halizuii ajali. Nyuma yake kuna sponji ngumu ya kupunguza kishindo, na nyuma ya sponji kuna boriti ya chuma au alumini iliyofungwa kwa bolti kwenye fremu ya mbele. Boriti ndiyo bampa lenye kazi. Ganda ni nguo. Na kama ilivyo kwa nguo, linavuliwa na kuvaliwa bila kumuumiza mwenye mwili, mradi anayelivua ajue vifungo viko wapi.

Zamani haikuwa hivyo. Bampa lilikuwa pande la chuma lililopakwa kromu, likafungwa kwa bolti nne zinazoonekana wazi, basi. Renault 5, iliyoingia sokoni mwaka 1972, ndiyo iliyowazoesha watu bampa la plastiki. Wakati huohuo Marekani ikaanza kudai kwamba magari ya modeli ya 1973 yaweze kugonga kizuizi kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, kama kilomita 8, bila taa na vifaa vingine vya usalama kuharibika. Watengenezaji wa magari ya spoti walihangaika kuliko wenzao, kwa sababu magari yao yalikuwa mafupi, mepesi na yamelala chini. Porsche ikaileta 911 ya modeli ya 1974 ikiwa na mabampa yenye mikunjo ya mpira pembeni. MGB ya Uingereza ikavalishwa mabampa makubwa meusi, tena ikainuliwa juu zaidi ya magurudumu yake ili kufuata vipimo vya Wamarekani. Wapenzi wa MGB walichukia, na mpaka leo wapo wanaoyang'oa mabampa hayo wenyewe kwenye banda la nyumbani na kurudisha kromu. Kwa hiyo mtu anayechuchumaa mbele ya gari lake la spoti na bisibisi mkononi hajaanzisha mchezo mpya.

Mfano wangu utakuwa Impreza WRX, kwa sababu hakuna gari la mbio lililo karibu na watu wa kwetu kuliko hilo. Tulilijua kwa Safari Rally kabla ya kulijua kwa matangazo ya biashara. Colin McRae alishinda Safari akiwa na Impreza mwaka 1997, Richard Burns naye mwaka 2000, na vijana waliosimama kando ya barabara za vumbi wakimezwa na tope lake ndio leo wanaoliagiza Japani wakiwa na vitambi na watoto wa sekondari. Magari ya Safari ya enzi hizo yalikuwa na mabomba ya chuma mbele ya bampa, kwa sababu barabara ilikuwa wazi na mifugo ilikuwa na safari zake. Haya yetu hayana mabomba. Yana plastiki.

Mtego wa kwanza wa Impreza uko dukani, kabla hujagusa hata skrubu moja. Kizazi cha pili cha gari hili kilitoka mwaka 2000 na kikaendelea mpaka 2007, lakini ndani ya muda huo kilibadilishwa uso mara mbili. La kwanza lina taa za duara. La katikati, lililotoka mwishoni mwa 2002, lina taa zilizolala. La mwisho, la kuanzia 2005, lina taa zilizochongoka na shoo iliyogawanyika sehemu tatu. Bampa la uso mmoja halikai kwenye uso mwingine mpaka ubadilishe pia taa na mabati yanayozizunguka. Na usidhani ukishajua uso umemaliza: kwenye lile la taa za duara, bampa la sedani ya WRX ni pana kuliko la wagoni, kwa sababu madigadi ya sedani yamevimba na ya wagoni hayakuvimba. Ukimwambia muuza spea wa Gerezani "nipe bampa la Impreza ya 2001" atakupa bampa, na hatakuwa amekudanganya. Litakuwa bampa la Impreza ya 2001, na halitakaa.

Kwa hiyo nenda na namba ya chesesi, siyo mwaka wa gari. Nenda pia na picha ya kipande kilichovunjika, ukiipiga mbele na nyuma, kwa sababu vizingo viwili vya taa ya ukungu vinaweza kufanana usoni na kutofautiana masikio. Masikio ndiyo yanayoshika. Sura unaweza kuipaka rangi.

Sasa uani. Kazi ianze saa tatu au saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaipasha plastiki, maana plastiki yenye joto hupinda na plastiki ya baridi hukatika. Wa Njombe na Mufindi, kwenye baridi, wanielewe vizuri zaidi hapa. Toa terminali ya hasi ya betri. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za madigadi yote mawili, mahali ganda litakapopita likitoka. Weka kando trei tupu ya mayai; kila shimo liwe na klipu au skrubu ya mahali pake, kwa mfuatano uleule ulioutumia kufungua. Nimeona watu wakitumia kopo moja kwa kila kitu, halafu mwishoni wanabaki na skrubu ndefu moja na tundu fupi moja, na wanailazimisha.

Fungua boneti. Juu ya shoo kuna safu ya klipu nyeusi, na hapa ndipo watu wengi huvunja kitu cha kwanza. Klipu si msumari. Ina sehemu mbili, mwili na pini ya katikati, na pini ndiyo inayoutanua mwili ukabana. Zipo ambazo pini unainyanyua kidogo kwa bisibisi bapa, kisha mwili unatoka wenyewe. Zipo zenye kichwa cha nyota, hizo unazungusha taratibu huku ukiivuta kidogo pini isibaki inazunguka bure. Na zipo, hasa kwenye baadhi ya magari ya Toyota, ambazo pini unaisukuma ndani. Ukiitendea ya kusukuma kama ya kunyanyua, umeivunja. Itazame kabla ya kuigusa, isugue vumbi kwa mswaki wa zamani, mchanga wa barabara za mtaa ukishaingia kwenye mshono wa pini hauachi hata klipu nzima itoke.

Halafu chini. Kama utaingia chini ya gari, lisimame kwenye stendi mbili imara. Jeki ni ya kunyanyulia, siyo ya kulalia. Huko utakuta ngao ya chini ya injini, au utakuta mahali ilipokuwa. Kwenye magari mengi ya mtaani haipo kabisa. Iliburuzwa na tuta, ikaning'inia, fundi akaing'oa akasema haina kazi. Ina kazi. Inazuia tope na maji ya dimbwi yasirukie mikanda ya injini, na inasaidia kuilekeza hewa ya mbele ipite kwenye rejeta badala ya kukimbilia chini. Mtu anaendesha gari la turbo kwenye joto la Februari huku nusu ya hewa yake ikimpotea, kisha anabadilisha thamostati mara tatu akitafuta mchawi.

Kona ndiyo sehemu inayotenganisha aliyesoma na aliyekurupuka. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto ili upate nafasi mbele ya tairi la kulia, vuta kidogo lile zulia la plastiki la ndani ya madigadi, na utaona skrubu inayoziunganisha ncha ya bampa na ncha ya madigadi. Itoe. Fanya hivyo upande wa pili. Sasa ganda limeshikwa na reli ya plastiki tu, na reli hiyo haitaki kuvutwa mbele. Inataka ncha ya bampa ivutwe nje, ubavuni, kwa mkono uliofunguka, mpaka usikie vimeno vikiachia kimoja baada ya kingine. Karibu kila bampa la mtumba nililowahi kulishika sokoni limekatika vimeno hivyo, kwa sababu aliyeling'oa alisimama mbele ya gari, akaweka mguu, akavuta kwake. Muuzaji atakwambia, "Kaka, hivyo vidogo havina maana." Ndivyo vinavyofanya ufa kati ya bampa na madigadi uwe mwembamba wa kuingiza kadi ya simu, au mpana wa kuingiza kidole.

Kabla ya kulibeba ganda, mwite mtu mwingine ashike upande wa pili, na chomoa plagi za taa za ukungu. Ganda halina uzito wa maana, lakini ni refu na linapenda kujikunja, na likijikunja linakwaruza madigadi uliyoyabandikia tepu. Liweke juu ya blanketi, uso chini.

Hapo sasa shughuli inakuwa tamu. Nyuma ya ganda kuna maandishi madogo yaliyochongwa kwenye plastiki yenyewe, na ni vizuri kuyasoma kabla ya kununua gundi yoyote. Ukiona PP, labda na EPDM, hiyo ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, na ndiyo mabampa mengi ya Kijapani yanavyotengenezwa. Plastiki hii haipatani na gundi. Ile gundi ya kukauka papo hapo itashika mpaka jioni, kisha itaachia. Rangi nayo haishiki juu yake bila praima ya plastiki chini, ndiyo maana unaona mabampa yaliyopakwa upya yanabanduka kwa mapande, kama ngozi, huku boneti iliyopakwa siku ileile iko salama. Lakini polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi, kwa hiyo ufa wake unaweza kuchomelewa kwa pasi ndogo ya plastiki na fito za plastiki ya aina ileile. Shoo na vizingo, hasa vile vyenye kromu, mara nyingi ni ABS, na ABS ni mtu mwingine kabisa. Hiyo inakubali gundi, na asetoni inaiyeyusha kiasi kwamba unaweza kusaga kipande kilichokwisha kuvunjika, ukakifanya uji, ukalijenga upya sikio lililokatika. Fundi wa bodi anayetumia dawa moja kwa plastiki zote mbili hajui anachokifanya, na wapo wengi.

Nije kwenye klipu, maana ndizo zilizonifanya niandike.

Ukilipeleka gari hili gereji ya kawaida, klipu tatu zitavunjika wakati wa kufungua. Hilo si kosa la mtu. Klipu iliyokaa miaka ishirini juu ya rejeta imekauka. Kosa linakuja wakati wa kufunga. Fundi anachukua skrubu ya mbao au ya bati, anaiweka mahali pa klipu, anaikandamiza ipite kwenye plastiki mpaka kwenye chuma. Ukimuuliza, jibu lake ni la mtu anayejivunia kazi: "Bosi, hapo nimekaza, haitoki tena."

Na kweli haitoki. Klipu imeundwa iachie. Ukigusa nguzo ya geti kwa mwendo wa kutambaa, klipu inaruka, ganda linasogea, unashuka unalirudisha kwa kiganja. Skrubu hairuki. Plastiki inayoizunguka ndiyo inayochanika, na ufa unaanzia kwenye tundu la skrubu unapanda mpaka kwenye taa. Jambo ambalo lingekugharimu klipu moja, na klipu moja kwa kawaida haifiki bei ya chipsi mayai, limekugharimu ganda zima. Magari ya rali yanalijua hili kuliko mtu yeyote: mabampa yao hufungwa kwa vifungo vya kufyatua ili makanika alibandue lililovunjika na kubandika jingine kabla dereva hajamaliza kunywa maji. Sisi tunaojiita wapenzi wa rali tunayafunga ya kwetu kwa skrubu za kabati.

Nitamtetea fundi hapa, maana ni rahisi kumlaumu na halafu kwenda kumpa kazi ileile kwa bei ileile. Fundi wetu halipwi kwa saa. Analipwa kwa kazi, kwa bei ya mapatano, na mapatano yenyewe yanafanyika mteja akiwa ameinama anaangalia kitu kinachong'aa. Hakuna mteja anayeuliza klipu. Fundi akimwambia, "Mkuu, naomba hela ya klipu kumi na nauli ya kuzifuata Kariakoo," mteja anaona anaibiwa. Basi fundi anapaka rangi ikang'aa, anapiga polishi, anakaza skrubu, na mteja anaondoka ameridhika. Tunalipia mng'ao, tunauziwa mng'ao. Fundi amefanya hesabu sahihi, na angekuwa mpumbavu kufanya nyingine.

Kwa sababu hiyo siwakubali wanaosema kufanya kazi hii nyumbani ni kumnyima fundi riziki yake. Mpe riziki kwenye kazi inayomhitaji. Rangi ni yake: ana kompresa, ana bunduki ya kupulizia, ana kijana anayejua kuchanganya. Wewe fungua ganda mwenyewe, lioshe kwa sabuni mpaka grisi na nta zote zitoke, lipige msasa wa maji, lipandishe kwenye bajaji likiwa limetokeza pande zote mbili, mpelekee likiwa tupu. Mwandikie namba ya rangi inayosomeka kwenye bati la utambulisho wa gari lako. Ile bluu maarufu ya Impreza za enzi hizo ni 02C, na "bluu ya Subaru" peke yake si namba. Ganda likipakwa likiwa nje ya gari, kingo zote zinapata rangi, hakuna tepu kwenye taa, hakuna vumbi la rangi kwenye rejeta. Fundi mwenyewe atakushukuru, kwa sababu umemwondolea sehemu ya kazi asiyoipenda na ambayo hakuwa akilipwa.

Kufunga si kufungua kwa kinyume tu: usikaze chochote mpaka kila kitu kiwe mahali pake. Ncha za kwenye reli zianze, kisha klipu za juu, kisha skrubu za kona, kisha chini. Vizingo na shoo viingie kwenye ganda likiwa bado kwenye blanketi. Ukisubiri mpaka lishafungwa utavisukuma kwa ngumi. Klipu ziwe mpya zote. Ukiwa umetumia pesa ya rangi na umeokoa pesa ya klipu, umerudi kulekule kwa fundi wa skrubu.

Kwenye kibati cha namba nasita kidogo, kwa kuwa ni jambo dogo linaloharibu kazi nzuri kila siku. Kibati cha Kijapani ni kifupi na kirefu kwenda juu, milimita 330 kwa 165, na kiti chake kwenye bampa kimetengenezwa kwa vipimo hivyo. Cha kwetu, cha Tanzania kama cha Kenya, ni kirefu na chembamba. Hakiingii pale. Kwa hiyo siku gari linaposajiliwa, mtu asiyejulikana anachukua drili na kutoboa bampa popote mkono ulipoangukia, na gari linaishi na matundu hayo mpaka mwisho wake. Tengeneza kipande cha alumini kinachofungwa kwenye matundu ya kiti cha Kijapani, kisha kibati kifungwe juu ya alumini. Ganda jipya libaki zima.

Lipu ya chini inastahili ugomvi wake. Vijana wanapenda faibaglasi kwa sababu ni rahisi kuchonga na inapatikana mtaani. Kwa barabara zenye matuta ambayo hakuna mawili yenye kimo kimoja, faibaglasi ni ujinga wa gharama kubwa. Haipindi, inapasuka, na inapopasuka inaacha nyuzi kali zinazokata mkono. Lipu ya politheni au ya poliurethani, nyeusi, isiyopakwa rangi, inaburuzwa na tuta, inapinda, inarudi. Ichubuke, ndiyo kazi yake. Ikichubuka sana unatoa skrubu saba au nane chini unaweka nyingine, na bampa la juu halijaguswa. Nami ningemshauri mwenye gari aliyekata springi ili gari lilale achague moja kati ya mambo mawili: springi au lipu. Akitaka vyote basi ahamie mahali pasipo na matuta, na mimi hapo sipajui Dar es Salaam.

Sasa mipaka, maana sitaki mtu aseme nimemwambia afanye kila kitu mwenyewe. Ganda likishatoka, tazama boriti. Simama mbele ya gari, linganisha ufa wa boneti na taa upande wa kushoto na wa kulia. Kama haulingani, au boriti imepinda, au mahali inapofungwa pamekunjika, simama hapohapo. Hiyo si kazi ya vikorombwezo tena, na ganda jipya juu ya boriti iliyopinda ni kumficha mnunuzi wa baadaye jambo linaloweza kumwua. Plagi za manjano na vihisio vya mifuko ya hewa vilivyoko mbele visiguswe, visichomolewe kwa udadisi. Na magari mapya yana shida yao: mengi yana rada nyuma ya nembo au nyuma ya ganda, na rada haipendi puti nene wala tabaka mbili za rangi juu yake. Subaru zenye mfumo wa EyeSight zimeokoka kwa sehemu kubwa, kwa kuwa macho yake ni kamera mbili zilizoko nyuma ya kioo cha mbele. Lakini kama gari lako linajifunga breki lenyewe, soma kitabu chake kabla ya kufungua klipu ya kwanza.

Kuna wa kuniuliza: mbona vipande vyenyewe havipatikani? Vinapatikana, ila vinafika vimeumia. Bampa zuri la mtumba huja ndani ya nozikati, ile nusu ya mbele ya gari iliyokatwa Japani ikaletwa nzima, au huja kwa njia ya Dubai na Sharjah ndani ya kontena. Kule lilikokatwa lilikuwa na kila kitu: vizingo, reli za pembeni, zulia za ndani ya madigadi, klipu zote. Kisha linafika Gerezani au Kirinyaga Road, Nairobi, na mtu analifumua kwa nguvu kwa sababu anataka injini na giaboksi. Waya wa taa za ukungu unakatwa kwa koleo badala ya kuchomolewa kwenye plagi. Reli zinabaki kwenye mabati. Klipu zinaishia sakafuni, zinafagiliwa. Halafu ganda linatundikwa ukutani na kuuzwa kama bampa kamili, na vizingo vyake vinauzwa kando, duka la tatu kutoka hapo, kwa bei ya mtu anayejua una shida. Wenye magari tumezoea kuandika namba za usajili kwenye taa na vioo ili visiibiwe. Vizingo vya bampa hatuviandiki, na navyo huondoka usiku.

Wafanyabiashara wa spea wanajua biashara yao kuliko mimi, ila kuna hela wanaifagia sakafuni. Kijana mmoja, bisibisi bapa moja na mfuko wa nailoni vinatosha. Klipu za bampa hilo, reli mbili, skrubu za kona na plagi zenye kipande cha waya viingie kwenye mfuko, mfuko ufungwe kwa tepu ndani ya ganda lenyewe, na bei iongezwe. Mimi nitailipa, na wenye Impreza ninaowafahamu wataigombania.